Mguu wa Kwenda Majini

Vijana wa karakana, siku niliyokabidhi funguo mlinipa kanga na daftari jipya, mkasema, "Mama, tuandikie." Kanga nimeshaivaa. Daftari limekaa mezani miezi mitatu, kwa sababu kila nikishika kalamu najikuta naandika ripoti. Ukikaa miaka mingi unaandika "mgonjwa anaendelea vizuri", mkono huharibika. Leo mvua inanyesha tangu asubuhi, ukungu umeingia hadi sebuleni, na shambani hakuendeki. Basi niandike.

Habari za vyeo mtazikuta kwenye faili langu, na hazina cha kuwafundisha. Nianze na Mzee Hoza.

Siku ya kwanza nilifika pale Lushoto na cheti changu cha utengenezaji wa viungo bandia, na viatu vipya vilivyokuwa vinanibana. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi. Ndani alikuwemo mzee mfupi, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la plasta. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Unajua kushona?"

"Najua, mzee."

"Kupika?"

"Najua."

"Basi nusu ya kazi unaijua. Nusu nyingine ni kunyamaza mtu anapovua suruali mbele yako kwa mara ya kwanza."

Akanipa tupa na bonge la plasta, akaniambia nilichonge hadi lifanane na kigutu cha mguu uliokatwa kilichochorwa ukutani. Nilichonga wiki tatu. Kila jioni alipapasa kazi yangu akiwa amefumba macho, kisha akaivunja kwa nyundo. Alipokasirika alihamia Kishambaa, na kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwetu sote wawili, sikuwa na pa kujificha. Wiki ya nne alipapasa bonge moja, akaliweka rafuni. Niliona kama nimepewa ng'ombe.

Mengi mnayoyafanya pale yametoka kwake. Kumvua mtu mguu baada ya kutembea saa moja na kutazama ngozi: wekundu unaofifia upesi si neno, unaobaki unakurudisha kwenye tupa. Kushusha timazi, kuona kama mguu umesimama wima, kabla ya kukaza skrubu, hata kama una haraka. Kumwuliza mtu anaumwa wapi na kusubiri jibu la pili, maana la kwanza hulitoa kwa adabu. Haya yote niliyajua vizuri. Nilikuwa nimeshamzika Mzee Hoza na kuachiwa karakana nilipogundua kuna swali moja sikuwa naliuliza.

Watu wetu wengi, kama mjuavyo, ni wa huku huku milimani. Wachuma chai wa Mponde, wakulima wa viazi na kabichi, wapasua mbao walioangukiwa na magogo. Nilikuwa nimezoea kutengeneza mguu wa mteremko, wenye kisigino laini ili mtu akishuka asisukumwe mbele, na wayo mwembamba upite kwenye vijia vya katikati ya matuta. Kusema kweli, nilikuwa najivunia.

Mwanaisha aliletwa na dada yake, Zaina, mke wa mkulima wa chai kule Mponde. Zaina alikuwa amemfuata pwani baada ya Mwanaisha kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti, akamleta kwake amuuguze. Mwanaisha alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mwembamba, sauti ya chini, amevaa masweta mawili na bado anatetemeka. Nikachukua fomu.

"Mguu ulipatwa na nini?"

"Nilichomwa na mwiba, mama. Kidonda kikaoza."

Nikaandika: mwiba.

"Kazi yako?"

"Mkulima."

Nikaandika: mkulima. Someni tena majibu hayo mawili. Yote yalikuwa ya kweli, na mimi sikuelewa hata moja.

Alikaa kwa dada yake mwezi mzima, akija karakana kila Jumanne. Alijifunza upesi. Mteremko wa kwenda getini ulimtia hofu, lakini wiki ya mwisho alishuka na kupanda bila kushika mtu. Zaina alilia. Mimi nikaandika kwamba anaendelea vizuri.

Baada ya miezi mitano Zaina akarudi peke yake. Aliamkia, akakaa kwenye benchi la mazoezi, akawa anazungusha pete yake kidoleni.

"Mama, mdogo wangu ule mguu hauvai."

"Unambana?"

"Haumbani. Ameutundika ukutani."

"Sasa anatembeaje?"

"Nyumbani anatumia magongo. Kazini anatambaa. Nimetoka kumwona wiki iliyopita, kigutu kimeota kidonda. Mganga wa zahanati kamwambia kikiendelea hivi watakata tena, juu ya goti safari hii."

Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza nilichokisikia ni hasira. Nilifikiri juu ya mikono yangu, saa nilizokaa na tupa. Nikasema, kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Mwambie aje nimtazame."

"Hawezi kuja. Alipokatwa walimngoja; sasa akiziacha kamba zake bamvua moja tu, kikundi cha kina mama kinampa mwingine sehemu yake. Ndiyo kanuni yao."

"Kamba gani?"

Zaina alinitazama kama mtu anayedhani nimemsahau mdogo wake. "Za mwani, mama. Si analima mwani? Mle baharini ndimo taa alimomchoma."

Taa ni yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na bamvua ni zile siku, kila baada ya wiki mbili, maji ya bahari yanapotoka mbali zaidi. Nilifungua faili nikasoma maandishi yangu mwenyewe. Mwiba. Mkulima. Nikaomba likizo yangu ya mwaka.

Mkitaka kujua mtu anatoka mbali kiasi gani, msiangalie ramani. Pandeni gari alilopanda. Niliondoka Lushoto na basi la alfajiri, nina sanduku la bati la zana, mfuko wa plasta, na gunia lenye wayo wa akiba na vipande vya plastiki. Tukateremka kona za Soni, na masikio yakaziba kama kawaida. Mombo joto likaingia dirishani, nikavua sweta. Bibi mmoja aliyepandia pale akakaa jirani yangu, akatazama chini, akaona vidole vitano vimechomoza kwenye gunia. Alivuta kanga yake taratibu akasogea pembeni kadiri kiti kilivyoruhusu.

"Bibi, shikamoo. Hicho ni cha mpira," nikamwambia. "Mimi ni fundi."

Hakuitika hadi tulipoikaribia Korogwe. Ndipo akauliza, akiwa bado anatazama mbele, "Huwa mnawatengenezea hata wazee?" Ana kaka yake, alisema, alikatwa mguu, tangu hapo hatoki chumbani. Tulipofika Muheza nilikuwa nimeandika jina la kijiji chao nyuma ya tiketi, na mwaka ule ule huyo kaka tulimvisha mguu. Ningekuwa nimempigia simu Mwanaisha badala ya kupanda basi, nisingempata mzee huyo.

Muheza nilishuka kungojea gari la Pangani. Lilikuja alasiri. Nikalala Pangani, asubuhi nikavuka mto kwa pantoni, na ng'ambo nikaambiwa gari la kusini ni moja kwa siku na tayari linanguruma. Tulipita kati ya mikonge, kisha minazi, kisha vichaka ambavyo sikuvijua majina. Njia panda moja dereva akasema, "Mama wa Lushoto, kwako hapa," akanishushia sanduku. Kijana wa bodaboda alinibeba hadi mahali tairi la nyuma lilipozama nusu.

"Mwisho wa pikipiki ni hapa, mama. Mbele ni mchanga mtupu."

Kilichobaki kilikuwa mwendo wa nusu saa kwa wenyeji. Kwangu kilikuwa saa nzima. Nilijitwika sanduku, gunia mkononi, miguuni viatu vyangu vya ngozi vya kukanyagia matope ya kwetu. Kila hatua kisigino kilizama kwanza, kidole gumba kikabaki juu, na mashavu ya miguu yakavutika hadi yakauma. Nikajaribu kukanyaga kwa vidole, nikapepesuka. Mwishowe nilikaa chini, nikavua viatu, nikavitazama. Vilikuwa vyembamba, na kisigino chake kilikuwa kidogo kama cha ule mguu niliomtengenezea Mwanaisha. Pale pale hasira iliyokuwa imenisindikiza tangu Lushoto iliniishia, ikaja aibu. Mimi nina miguu yangu yote miwili, na mchanga ulikuwa umenishinda.

Mwanaisha alikuwa mlangoni kwake, anasuka kamba. Alininyanyukia kwa magongo.

"Shikamoo, mama. Karibu. Umeufuata mguu wako?"

"Nimekufuata wewe."

Ukutani, juu ya kitanda, mguu ulikuwa umeviringishwa kanga safi. Haukuwa na vumbi hata kidogo.

"Sikuutupa," alisema. "Nauvaa nikienda harusini, na Idi. Ni mguu mzuri, mama, wageni wanausifu. Ila ule ni mguu wa kwenda kutazamwa. Kazi yangu iko majini. Niliuvaa siku mbili, skrubu zikaota kutu, wayo ukanywa maji ukawa mzito kama jiwe."

"Kwa nini hukuniambia ulipokuwa kule kwamba unalima baharini?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Nilidhani unajua."

Kesho yake maji ya bahari yalitoka karibu na saa nne. Nilikunja gauni nikamfuata. Alikwenda kwa magongo hadi ukingo wa maji, akayachomeka mchangani, akajifunga kipande cha tairi gotini, akapiga magoti. Kutoka hapo alitambaa, anajivuta kwa viganja kutoka kigingi hadi kigingi, kigutu kikiburuzika juu ya kokoto na vipande vya kombe. Nilikuwa nimeona vigutu vingi maishani, lakini sikuwahi kukiona kimoja kikiwa kazini. Nikamwomba atulie, akakaa kwenye maji, nikakishika. Kidonda kilikuwa upande wa mbele, kina kingo ngumu, bado hakijafika mfupani.

"Unaweza kukaa nje siku ngapi kipone?"

"Hadi bamvua ijayo. Wiki mbili. Mke wa kaka yangu ataniangalizia kamba, lakini ana zake."

"Basi kaa wiki mbili. Mimi nitarudi."

Jioni ile nilitaka kuchukua umbo la kigutu chake. Kidonda nilikifunika kwa nailoni safi, nikachanganya plasta na maji ya kisimani, nikaloweka bendeji. Sikufikisha mizunguko mitatu. Plasta iligandia mikononi mwangu kama jiwe, na umbo likatoka limekunjamana. Nilikaa nikilitazama. Mwanaisha akachovya kidole kwenye beseni, akakiweka ulimini.

"Kisima hiki kina chumvi, mama. Sisi tunafulia tu."

Liandikeni hili mahali, kwa sababu mimi sikufundishwa chuoni: maji ya chumvi huharakisha plasta. Nilikuwa nimebakiwa na plasta ya kufanyia mara moja tu. Mwanaisha alimtuma jirani shuleni, akaletwa ndoo ya maji ya mvua kutoka kwenye tangi la walimu. Nikaonja kwanza mimi, akaonja yeye, tukaanza. Umbo lilitoka zima.

Kulirudisha Lushoto kulikuwa kazi ya siku mbili. Konda alitaka lipande kwenye keria, nikakataa. Nililipakata tangu Pangani, limefungwa kitenge. Mombo askari wa barabarani aliingia kukagua mikanda, akanitazama, akakitazama kitenge, akashuka bila kuuliza. Bila shaka alidhani ni msiba.

Mguu wa pili niliutengeneza ndani ya siku tano. Wenzangu walisimama kuuchungulia na hakuna aliyeusifu. Haukuwa na wayo wala vidole, wala rangi ya ngozi. Ulikuwa kikombe cha plastiki cha kuingiza kigutu, chini yake bomba nene la plastiki lisilo na skrubu hata moja ya chuma, na mwisho wake kitako kipana cha duara, kama sahani, nilichokikata kwenye tairi la lori. Mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa kuwa sasa ndiye anayeshika funguo, aliuliza kama natengeneza kinu.

Nikapanda tena basi la alfajiri. Safari hii nilivaa ndala.

Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi ya waridi lakini kavu. Bamvua ilikuwa imeanza. Mwanaisha alivaa mguu kwa uangalifu, akasimama mchangani, akatembea hadi majini bila magongo. Kina mama wenzake walikuwa wameacha kamba zao kumtazama. Alipoingia kwenye tope la kijivu, hatua ya kwanza ilikwenda. Ya pili haikutoka. Kitako kipana kilikuwa kimenyonya tope, na alipovuta, kigutu kikachomoka, akaanguka ubavu kwenye maji. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Nilimfuata nikamwinua. Nikamwambia la kweli. "Nimekosea. Sikuwaza tope."

Mwanaisha alikuwa anakohoa maji. Alipomaliza akauvuta mguu kutoka kwenye tope, akaugeuza, akautazama kitakoni muda mrefu. Nilidhani anatafuta maneno ya kunirudishia.

"Tukiutoboa je?" aliuliza. "Jamvi la kuanikia mwani tunalichagua lenye matundu, maji yapite. La kubana linang'ang'ania chini."

Tulirudi ufukweni. Kwenye moto wa mkaa wa jirani nilipasha msumari mkubwa hadi ukawa mwekundu, nikatoboa matundu kuzunguka kitako. Mpira ulitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya. Yeye alinionyesha pa kutoboa na ukubwa gani, kwa kidole, kama Mzee Hoza alivyokuwa akinionyesha. Bomba nalo nikalitoboa chini, maji yakiingia yatoke. Maji yalikuwa yameanza kurudi tulipomaliza, ikabidi tungoje kesho.

Usiku ule aliniambia kitu alichokuwa hajakisema. Wiki zile mbili alizokaa nje, nusu ya kamba zake zilikuwa zimekwisha kupewa mwanamke mwingine. Kikundi kilikaa, kikaona haijulikani kama atarudi majini.

"Na hizo nyingine?"

"Wamesema watanitazama bamvua hii."

Kanuni ile Zaina alikuwa amenitajia, lakini nilipomwambia akae wiki mbili sikuwaza ninaomba nini. Yeye alijua, na alikaa.

Kesho yake alikwenda. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikitoa sauti ndogo ya maji kupenya matunduni. Alifika kwenye vigingi vyake, akainama kwa kiuno kama wenzake, akaanza kufunga mwani kwenye kamba. Baada ya saa moja nilimwita nje, nikamvua, nikatazama ngozi. Palikuwa na wekundu pembeni, ukafifia tukiwa tunautazama. Nikamwambia arudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu mwenyekiti wa kikundi alinijia, akanisalimia, akasema kamba zilizobaki ni za Mwanaisha. Za nusu ile nyingine zimeshakwenda, mwenye kupewa naye ana watoto. Sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Tangu mwaka ule, fomu ya karakana ina mstari nilioongeza kwa mkono, na baadaye ukachapwa: *Unatembea wapi?* Mnaujaza kila siku, na baadhi yenu mnaandika "nyumbani" mkaendelea. Nawaomba mkifika hapo mweke kalamu chini. Muulizeni mtu chini ya mguu wake kuna nini, kunakuwaje mvua ikinyesha, ameshika nini mikononi akipita hapo. Na kila mwaka angalau mara moja, pandeni gari mwende mkaone. Mimi baada ya safari zile nilikwenda kila mwaka hadi nilipostaafu, na kila safari ilinikuta na kosa jipya.

Siku niliyoondoka kijijini, nilijitwika sanduku asubuhi. Desturi ya kule mgeni husindikizwa hadi gari linapomchukua, na mgeni kuachwa aende peke yake ni jambo zito. Mwanaisha alikuwa mlangoni, mguu umeshavaliwa, kamba mpya begani.

"Mama, utanisamehe. Sikusindikizi. Maji yameshatoka."

"Nenda, mwanangu."

Akaenda upande wake, nami nikapanda mchanga upande wangu. Juu ya kilima, kabla njia haijaingia kwenye minazi, niliweka sanduku chini nikageuka. Mbali majini walikuwemo wanawake saba, wameinama kwenye kamba, wanasogea polepole kutoka kigingi hadi kigingi. Nilikinga jua kwa mkono, nikamtazama mmoja mmoja, nikatafuta mwendo ulio tofauti, nikarudia tena kutoka mwanzo. Sikuweza kumjua ni yupi.